Mgeni Juu ya Kabati

Katika Jumuiya ya Mtakatifu Ana hakuna aliyeuliza mwezi wa Rozari uanzie nyumba ipi. Ulianzia kwa Mama Clement, nyuma ya reli, kwa sababu kwake ndiko alikokaa Mama Maria mweupe. Nyumba nyingine zilikuwa na picha za kalenda, au sanamu za plasta zilizopakwa buluu, zile zinazobanduka rangi puani zikishafutwa vumbi mara mbili tatu. Wa Mama Clement alikuwa wa namna yake. Alikaa juu ya kabati la vyombo, urefu wake kama mkono wa mtu mzima kutoka kiwiko hadi kiganja, mweupe wa maziwa yaliyotulia, mtoto magotini, uso ameuinamisha kidogo kama mtu anayemsikiliza mwenzake anayesema polepole. Ukimgusa alikuwa wa baridi hata mwezi wa kumi, vumbi la foleni ya malori linapoingia mpaka ndani ya sufuria zilizofunikwa.

Jina la Mama Clement lilikuwa Teresia, lakini tangu mumewe afariki hapakuwa na mtu wa kumwita hivyo. Mumewe, Ferdinand, alikuwa mtu wa reli. Sanamu aliipata ujanani, njia ikiwa bado inajengwa, kutoka kwa mpishi mmoja wa kambi ya Wachina. Mpishi yule alipokuwa anarudi kwao alimpa kitu kilichoviringishwa ndani ya koti la pamba, akaweka kidole mdomoni, akaondoka bila kusema neno. Ferdinand alipomwoa Teresia alimwonyesha akasema, "Huyu ni Mama Maria wa Wachina." Teresia hakuuliza zaidi. Wachina nao ni watu. Kwa nini wasiwe na Maria wao?

Mtoto walijaliwa mmoja tu, huyo Clement, naye alikuwa wakala wa kupitisha mizigo mpakani hadi kampuni aliyoitumikia ilipofunga milango. Alipanga chumba upande wa pili wa mji wa Tunduma, na kufika kwa mama yake ilikuwa kama kusafiri kwenda Vwawa. Kwa hiyo miezi mingi Teresia aliongea na kuku wake. Mwezi wa kumi aliongea na watu. Walikuja jioni na mikeka yao, wakajaza sebule mpaka kizingitini, wakasali, wakaimba, wakanywa chai ya tangawizi, wakasahau khanga na viatu vya watoto ambavyo kesho yake walivirudia. Alizoea kuvikunja vile vitu vilivyosahaulika na kuvipanga kwenye kiti. Alipenda kuwa na vitu vya watu ndani ya nyumba.

Aliyeharibu yote hayo, kama ni kuharibu, alikuwa msichana wa mayai.

Wenyeji walimwita Madam Lin. Alikuwa Mchina, akisimamia godauni la mablanketi na ndoo za plastiki karibu na mpaka, na kila baada ya siku chache alivuka reli kwa miguu, mwavuli mkononi, kufuata mayai ya kienyeji kwa Teresia. Mayai ya dukani, alisema, yananuka samaki. Kiswahili chake alikiokota sokoni, kimechanganyika na Kibemba cha wateja wa ng'ambo, na hakuna aliyemfundisha maneno ya adabu mpaka Teresia alipomfundisha shikamoo.

Siku ile mwishoni mwa mwezi wa tisa jua lilikuwa kali, na Lin alionekana kuyumba. Teresia akamvuta ndani akampa maji. Msichana alikunywa, akainua uso, kikombe kikabaki hewani. Alikiweka chini taratibu. Akaviunganisha viganja vyake kifuani, akainama mbele ya kabati.

"Hata wewe ni Mkatoliki!" Teresia alisema kwa furaha.

"Hapana, mama. Huyu Guanyin."

"Kwa nini?"

"Hapana kwa nini. Guan-yin."

"Ndiyo nakuuliza, mwanangu, kwa nini?"

Lin alicheka, kisha kicheko kikageuka, akajifuta macho kwa mkono wa blauzi. Ilichukua muda kabla hawajaelewana. Lile lilikuwa jina. Mwanamke aliyekaa juu ya kabati alikuwa na jina lake, na halikuwa Maria. Nyumbani kwao Lin, Fujian, huko China, bibi yake alikuwa naye mezani karibu na dirisha, na nyumba ya jirani nayo, na ya pili yake nayo. Ni mwenye huruma. Anasikia watu wanaolia duniani. Watu wa kule humsalia.

"Ni Maria wenu basi," Teresia alisema.

"Siyo wetu, siyo wenu. Mwingine." Lin akasogea, akaonyesha bila kugusa. "Tazama sikio. Refu, linashuka. Maria wako ana sikio hivi? Shingoni mkufu. Mguu hauna kiatu. Amekaa juu ya jiwe la bahari. Mtoto ameshika ua la majini."

"Mtoto ni Yesu."

"Mtoto siyo wake, mama. Yeye anapelekea watu. Mwanamke hana mtoto, anaomba, Guanyin analeta."

Teresia alikaa. Alikuwa amelifuta vumbi sikio lile kwa miaka yote ya ndoa yake na miaka yote ya ujane wake, na hakuwahi kulitazama.

*

Mtu mwingine angenyamaza. Teresia mwenyewe alifikiri kunyamaza. Nani mwingine angejua? Lakini alitaka kwanza uhakika, kwani Lin alikuwa bado mdogo na huenda alikuwa anakumbuka kwao tu. Lin alikuwa na mjomba anayeuza vyombo vya kale. Akampigia picha, akazituma, na jibu la mjomba likawa maswali.

Mchana mmoja wakaitoa sanamu uani, wakaiweka juu ya blanketi. Sauti ya mjomba ilitoka kwenye simu, kali na ya haraka, Lin akaitafsiri kwa vipande. Ipinduliwe. Chini pako wazi au pamezibwa? Pako wazi, ndani kuna alama za vidole vya aliyeukandika udongo. Iinuliwe kwenye jua, mkono upitishwe nyuma yake. Kivuli cha vidole kinaonekana? Kilionekana, vidole vya Teresia mwenyewe, kupitia vazi la yule mwanamke, kana kwamba ni nguo kweli. Rangi ya mwanga? Teresia akasema ni kama ukucha. Lin akatafsiri, na mjomba akasema vizuri, ni kama ukucha. Igongwe kwa kucha. Ikalia ting, sauti ndefu.

"Mjomba anasema hii ni kauri. Siyo plasta, siyo kioo. Udongo mweupe wa mji mmoja kwetu, Dehua. Moto mkali sana."

Mgongoni, chini ya shela, palikuwa na muhuri mdogo wa mraba. Teresia alifurahi, akidhani sasa watajua ni ya nani. Lakini mjomba akacheka. Muhuri ule ulikuwa wa fundi mkubwa aliyekufa zamani sana, na tangu afe kila fundi ameuiga. Wajinga wakiuona husema miaka mia tatu. Yeye kwa picha tu asingethubutu. Huenda mia moja na kitu, huenda pungufu. Asiyejua aseme huenda.

"Sasa anataka uangalie shingo."

Teresia alivaa miwani. Chini ya mkufu, kuzunguka shingo yote, palikuwa na mstari mwembamba wenye rangi ya chai. Alipitisha ukucha ukakwama.

"Kichwa kilikatika," Lin alisema. "Mtu aliunga na gundi. Zamani. Na vidole viwili hakuna."

"Nani alimkata?"

Lin aliuliza. Mjomba alijibu kwa ufupi, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Anasema kuna miaka kwetu dini ilikatazwa, watu walivunja hizi. Yule mpishi labda alificha. Hajui. Anasema ukimweleza mtu habari ya kitu cha kale, anza na palipovunjika. Ukianza na uzuri, utaishia kudanganya."

Wakamrudisha ndani. Lin akalipa mayai yake, akaomba akae kidogo pale sebuleni, hakusema sababu. Walikaa mpaka kuku wakaanza kurudi bandani.

*

Siku ya kwanza ya Rozari watu walikuja kama kawaida. Mzee Anyelwisye, mwenyekiti wa jumuiya, alikaa kwenye kiti cha Ferdinand. Mama Raphaeli, aliyeongoza sala, akawasha mshumaa, akautia kwenye kisahani mbele ya kabati. Wanawake walianza kupiga magoti, viungo vikilia, wengine wakishikilia mabega ya wenzao. Teresia aliwatazama migongo. Akaona kama amewaita watu arusini bila kuwaambia bwana arusi ni nani.

"Ndugu zangu, kabla hatujaanza," alisema.

Akasema. Hakujua kusema vizuri. Alianza na shingo, kama alivyoambiwa, akaenda kwenye masikio, akafika kwenye jina na jina likamshinda. "Anaitwa Kwanini," alisema, na mtu mmoja nyuma akacheka.

Mzee Anyelwisye hakucheka. "Tangu lini umejua, Mama Clement?"

"Juzi juzi, mwenyekiti."

"Na miaka yote hii tuliyopiga magoti hapa?"

"Sikujua. Hata mimi nilipiga."

"Basi tumeabudu mungu wa Wachina," Mama Raphaeli alisema, na akainuka kwa kishindo hadi mshumaa ukatikisika. "Nilimletea huyu mwanangu alipokuwa na degedege. Nilimweka miguuni pake!"

"Si mtoto alipona?" mtu aliuliza.

"Ndiyo ninachokiogopa!"

Mwanamke mmoja wa makamo akasema kwa upole kwamba pengine afunikwe kitambaa tu, waendelee, kwani sala ilienda kwa Maria na Maria anajua. Lakini Mzee Anyelwisye alisema wahamie kwa Mama Raphaeli, hapo hapo, ili siku isiharibike. Wakakunja mikeka. Mama Raphaeli akapuliza mshumaa, akauchukua, kwani ulikuwa wa jumuiya. Vijana wakatoa yale mabenchi mawili yaliyokaa kwa Teresia mwaka hadi mwaka, wakayapitisha mlangoni kwa shida, upande kwa upande, na yeye mwenyewe akawashikia pazia. Hakuna aliyesahau khanga. Chai ya tangawizi ilibaki kwenye birika lake kubwa.

Padri, Teresia alipomwendea, hakumkemea. Alisema hakuna dhambi kwa asiyejua, amtoe tu mahali pa sala, jumuiya itapoa. Teresia akamhamishia chumbani, juu ya sanduku. Jioni akaenda kwa Mama Raphaeli na rozari yake kama wengine. Walimsogezea nafasi karibu na mlango, pale viatu vinapovuliwa. Fungu la tatu, ambalo siku zote lilikuwa lake kulisalisha, alipewa mwingine. Alipojaribu tena kesho yake ilikuwa vilevile, na siku iliyofuata akasema moyoni kwamba miguu inamuuma.

Jumuiya haikupoa. Watoto wa mtaa walilipenda lile jina. Alipopita na trei ya mayai waliimba, "Bibi Kwanini! Bibi Kwanini!" na mmoja wao, aliyewahi kulala kwenye mapaja yake wakati wa litania, aliimba kwa sauti kuliko wote.

*

Clement alifika siku ya Jumamosi na kilo mbili za sukari. Teresia alijua kuna jambo kabla hajafungua mdomo, kwa sababu sukari ilikuwa kwenye mfuko mzuri.

Nyuma yake alikuwa mwanamume mnene wa makamo, kanzu safi, anayevua viatu kwa utaratibu. Huyo alikuwa Othmani, mtu wa Kilwa aliyelowea Tunduma. Aliuza vitu vya kale: saa za ukutani, redio za mbao, cherehani za mikono, akiwapelekea wenye fedha wa Lubumbashi na Lusaka. Alimwamkia Teresia kwa heshima, akaomba maji anawe mikono kabla hajagusa chochote.

Sanamu ililetwa mezani. Othmani aliigonga kwa kucha, akasikiliza. Akaipindua, akatabasamu. "Kwetu Kilwa vibakuli vya jamii hii vimepachikwa kwenye makaburi ya zamani," alisema. "Nikiwa mdogo nilikuwa nikipitisha mkono juu yake, baba ananichapa. Kitu kizuri, mama. Sasa nikimpelekea mteja wangu, nimwambie huyu ni nani?"

"Bikira Maria," Clement alidakia. "Wa wamisionari wa kwanza, ana miaka mia tatu. Si nilikueleza?"

"Nimekusikia, kijana. Namuuliza mwenye nyumba." Othmani aligeuka. "Mama, nikwambie ukweli wa kazi yangu. Mimi nauza maneno, kitu kinafuata. Huko Lubumbashi kuna bwana anajenga kanisa lake, anatafuta Bikira wa kale. Akiwa Bikira, mwanao huyu ataanza biashara yake kesho. Akiwa mama wa Kichina aliyeungwa shingo, ndiyo, shingo nimeiona, basi nitakupa bei ya magunia machache ya mahindi, na hapo nitakuwa nimejitahidi. Ukisema wewe kwa mdomo wako kwamba ni Maria, nitamwambia nimeambiwa na mwenyewe. Dhambi siibebi mimi."

Clement hakuwa amekaa tangu aingie. Teresia alimtazama. Kola ya shati ilikuwa imegeuzwa ndani nje na kushonwa upya. Alishona mwenyewe, ulionekana ushonaji wa mwanamume. Alikuwa amekonda mashavu. Kama angesema lile neno, mwanawe angekula, na huenda angekuja Jumamosi nyingine, na nyingine tena, hata bila sukari.

"Mama," Clement alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alisema kama mtoto. "Neno moja tu."

Teresia akavuta pumzi.

"Shingo imeungwa," alisema. "Vidole viwili havipo. Muhuri wa mgongoni ni wa kuiga, usimdanganye mtu nao. Umri huenda miaka mia na kitu, huenda pungufu, mwenye kujua hakuthubutu kusema. Ni kauri nyeupe ya mji unaoitwa Dehua. Ukiiweka juani unaona mkono wako kwa ndani." Akasita, akaliandaa jina mdomoni kama mtu anayepanda daraja la kamba. "Anaitwa Guanyin. Si Maria. Tulimwita Maria kwa sababu hatukuwa na mtu wa kumuuliza."

Othmani alitikisa kichwa taratibu. Akavaa viatu vyake mlangoni. "Bei ya magunia ipo palepale, mama. Siku ukitaka, mtume mtu." Akaaga kama alivyoamkia.

Clement alibaki amesimama katikati ya sebule.

"Umefurahi?"

"Sijafurahi, mwanangu."

"Jumuiya imekukimbia kwa sababu ya mdomo wako. Sasa unataka na mimi nikukimbie?"

"Angeuliza mtu wa Lubumbashi mwenyewe ningemwambia hivyo hivyo. Watu wa kanisa lake wangepiga magoti. Mimi nimewaona watu wakiinuka kutoka kwenye magoti yale, Clement. Wewe hukuwepo."

"Baba alisema ni Maria."

"Baba yako alionyeshwa kidole mdomoni tu. Yaliyobaki alijaza mwenyewe."

"Pale mpakani watu wanadanganya kutwa nzima, kwa vitu vyenye maana kuliko hiki kidude. Na watoto wao wanasoma." Akatoka. Teresia alimfuata hadi kwenye reli akimwita arudi ale, chakula kipo tayari. Mwanamke aliyekuwa anaanika nguo jirani alisimama kuwatazama, kisha akageuza uso kwa makusudi, na huko kugeuza uso kukamuuma Teresia kuliko kama angetazama.

Baada ya wiki chache Clement alivuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na kutoka Nakonde akaenda Kitwe kwa mjomba wake wa ukoo, akabebe mizigo. Alipiga simu mara moja. Alisema amefika, kuna joto, salio linaisha.

Hata Lin aliondoka. Waajiri wake walimhamishia Lusaka kwa taarifa ya siku moja. Alikuja mbio na mwavuli wake, akamwamkia shikamoo vizuri kabisa, akaingia chumbani, akainama mbele ya sanduku kwa muda mrefu. Teresia alimwambia amchukue, kama anamtaka; kwao wanamjua. Lin akakataa kwa kichwa. Mizigo inapekuliwa, alisema, na chumba cha Lusaka watalala watu wanne. Akabeba mayai. Aliyekuja kusimamia godauni baada yake alikuwa mwanamume, na mayai alinunua dukani.

*

Mvua zilianza, vumbi likawa tope. Krismasi ilipita. Teresia alimrudisha Guanyin juu ya kabati. Hapakuwa tena na mtu wa kukwazika, na chumbani palikuwa na unyevu. Hakumsalia. Rozari alisalia jikoni, akitazama moto. Ila asubuhi, akipita na ufagio, alijikuta anamwambia habari: kuku mwekundu ameacha kutaga, mkate umepanda bei, Clement hajapiga. Aliona aibu mwanzoni. Baadaye hakuona.

Alasiri moja mvua ikiwa inatishia kunyesha, mtu akabisha hodi kwa sauti ya chini. Alikuwa Leah, mke wa Raphaeli, mkwe wa yule Mama Raphaeli aliyechukua mshumaa. Alikuwa amejitanda khanga mpaka puani, na kwapani amebana jogoo mdogo aliyefungwa miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, utalowa."

Leah aliingia, akatazama nyuma kwanza. Hakukaa. Macho yalikuwa juu ya kabati.

"Mama, nimesikia watu wanasema. Ati huyu huleta watoto."

Teresia alifunga mlango nyuma yake.

"Mwaka wa nne sasa," Leah alisema. "Nimeenda hospitali, nimeenda kwenye maombi, nimekunywa dawa za mganga wa Mbebe. Mama mkwe haniiti jina tena. Akitaka kitu anamwambia Raphaeli, mwambie yule. Nimekuletea huyu jogoo. Na si mimi tu. Kuna wenzangu wawili wamesema nikifanikiwa, watakuja."

Mvua ilishuka juu ya bati ghafla, ikawalazimu kusogeleana ili wasikilizane. Teresia aliwaona. Aliwaona wale wawili, na nyuma yao wengine, na mikeka, na khanga zilizosahauliwa kwenye kiti. Haikuhitajika hata neno. Kupokea jogoo tu kulitosha. Aliutamani ule ujazo wa nyumba mpaka mate yakamjaa mdomoni.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Kaa nikuambie ninachokijua."

Akamshusha Guanyin, akamweka mezani kati yao. Akamwonyesha shingo kwanza. Akamwonyesha vidole visivyokuwepo, muhuri wa uongo, masikio, mguu usio na kiatu. Alichukua mkono wa Leah akaupeleka ndani ya sanamu kwa chini, aziguse alama za vidole vya fundi. "Huyu aliyemtengeneza alikuwa mtu kama wewe na mimi. Kwao wanasema anasikia wanaolia, na wanaomba watoto kwake. Hayo ndiyo wanayosema. Mimi sijui kama huleta."

"Lakini wewe ulimpata Clement akiwa hapa ndani."

"Nilimpata mmoja, tena kwa taabu. Dada yangu kule Ileje alipata saba, na nyumbani kwake hapakuwa na sanamu hata ya mbuzi."

Leah alicheka bila kutaka, na kicheko kile kikafungua kilichokuwa nyuma yake. Alilia akiwa ameinama, kwa kelele, kwani mvua ilikuwa inafunika. Teresia hakumbembeleza kwa maneno. Alimfungua jogoo miguu, akamwacha atembee sebuleni, kisha akaleta ungo wa maharage aliyokuwa anayachambua, akauweka magotini mwake nusu na magotini mwa Leah nusu.

Wakachambua. Leah alikuwa na mkono mwepesi, alitoa vijiwe kabla Teresia hajaviona. Alisema, kidogo kidogo, mambo ambayo hakuwa na wa kumwambia: kwamba Raphaeli si mbaya ila anaogopa mama yake, kwamba kijijini kwao Ruanda alikuwa anaimba sauti ya kwanza kwaya, na tangu aolewe hajaimba, kwamba chakula anakula wa mwisho. Teresia naye alisema kuhusu Kitwe. Mvua ilipungua, ikabaki kudondoka kwenye ndoo, nao wakaendelea hata maharage yalipokwisha, wakipitisha vidole kwenye ungo uliokwisha kuwa safi.

Hatimaye Leah alisimama, akamshika jogoo.

"Umchukue," Teresia alisema. "Sijafanya kazi ya kulipwa jogoo."

Leah alisita mlangoni. Njia ilikuwa tupu, maji mekundu yakipita katikati yake. "Mama, nikija tena, wakiniuliza nimefuata nini huku, niseme nini?"

Teresia alifikiri. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali lile. Miaka yote watu walikuwa na jibu lao kabla hawajafika.

"Sema umekuja kwangu," alisema. "Kwa Teresia."